Mchago mashariki, jua usoni

Shikamoo Shangazi,

Sijui kama hili ni la kukuandikia wewe au la kumwita fundi, ila nimechoka kulizungumza nyumbani.

Mimi na mume wangu tuna miaka tisa ya ndoa na mtoto mmoja wa miaka sita. Nafanya kazi zamu ya usiku; narudi alfajiri, nalala mpaka saa nane mchana. Mwaka jana biashara ya mume wangu ilifungwa. Hakuzembea, mambo yaligoma tu. Tangu hapo anashinda nyumbani, na katika kushinda huko akakutana na feng shui, ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba na vitu ili bahati iingie. Alianza na video, akaingia kwenye vitabu, mwisho akamlipa mtaalamu wa mtandaoni ampigie hesabu kwa mwaka wake wa kuzaliwa. Akaambiwa namba yake ni 9, yeye ni mtu wa kundi la mashariki, na upande wake bora kuliko zote ni mashariki yenyewe. Na mimi nikapigiwa, nikaangukia kundi la magharibi. Yaani pande zake nne nzuri ndizo nne zangu mbaya. Nikamuuliza, sasa tunalalaje? Akasema anayefuatwa ni baba mwenye nyumba.

Kitanda chetu kilikuwa kimeegemea ukuta wa kusini, na hatukuwahi kukisemea neno. Sasa mchago uko mashariki, chini ya dirisha pekee la chumba. Mlango uko magharibi, kwa hiyo miguu yetu inautazama moja kwa moja. Saa moja na nusu asubuhi, pale usingizi unapoanza kunikolea, jua linaingia na kunikaa usoni. Kabati la nguo halifunguki zaidi ya nusu kwa kuwa mlango wake unagonga ubavu wa kitanda. Natoa sare yangu kwa mkono mmoja kama mwizi. Goti langu la kulia lina doa jeusi la kona ya kitanda. Kioo cha chumbani kimeondolewa eti hakitakiwi kutazama kitanda, hivyo najitazama kwenye kioo cha simu.

Kuna pia chemchemi ndogo ya mezani, ya kuleta mali. Kwanza aliiweka kona ya mbali ya kushoto ukiingia sebuleni. Halafu mwalimu mwingine akasema kona ya mali ni kusini-mashariki kwa dira, na kwetu hizo ni kona mbili tofauti. Imeshahama mara tatu. Pampu yake inavuma usiku na mchana. Dira yenyewe ni ya simu. Siku anapima chumbani aliilaza simu juu ya kitanda, na kitanda chetu ni cha chuma.

Jikoni amelitoa jiko la gesi pembeni ya sinki, kwamba maji na moto vinapigana, akaliweka chini ya dirisha. Mpira wa gesi unapita nyuma ya jiko.

Mtoto sasa anamwomba baba yake ruhusa kabla ya kusogeza kiti.

Shangazi, kuna ukweli wowote katika haya, au nimwambie wazi kwamba ni upuuzi? Nilishamwambia mara moja. Alinyamaza siku nzima, na ule ukimya ulinitisha kuliko hilo jua.

Ni mimi, Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Ya kitanda yatasubiri. Umeandika mistari miwili tu kuhusu jikoni, tena karibu na mwisho, na ndiyo iliyoninyanyua kitini. Jiko la gesi chini ya dirisha, mpira umepita nyuma yake: hilo ni la leo, kabla hujatoka kwenda kazini. Upepo wa dirishani huzima moto na kuacha gesi inatoka. Kama dirisha lina pazia, siku moja litapepea juu ya sufuria. Na mpira unaopita nyuma ya jiko huokwa kidogo kidogo kila mnapopika, mpaka siku unapopasuka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatoka kwa juu. Hushuka, ikatambaa sakafuni na kutafuta cheche. Funga mtungi, rudisheni jiko lilipokuwa, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira mtungi ukiwa umefunguliwa. Povu likitoa mapovu mapya, funga na umwite fundi. Usijaribu kwa kiberiti, hata kwa utani. Na kama mpira umekauka au una nyufa, usiurudishe, nunua mwingine.

Mumeo akiuliza kwa nini, mwambie hata walimu wake hawalitaki jiko chini ya dirisha. Wanasema moto wa nyumba unahitaji ukuta mgongoni, isipeperushwe bahati. Wewe na mimi tunasema usipeperushwe moto. Maneno mawili, jiko moja.

Na hilo la maji kupigana na moto, asilione limepuuzwa. Lina maana yake. Sinki na jiko vikibanana, mikono inatoka majini inashika kikaango, maji yanarukia mafuta ya moto, na mtu anaungua. Katika hesabu yao ya vitu vitano, mti, moto, udongo, chuma na maji, kinachopatanisha maji na moto ni mti: maji hulisha mti, na mti hulisha moto. Basi acheni nafasi ya kama sentimita 40 kati ya sinki na jiko, na hapo katikati pakae ubao wa kukatia. Ni mti halisi. Yeye atapata upatanisho wake, wewe utapata mahali pa kutua sufuria, na mchora jiko yeyote angekupa nafasi hiyohiyo bila kutaja mti wala maji.

Sasa swali lako, kama kuna ukweli.

Feng shui maana yake ni upepo na maji. Yapo maandishi ya kale ya Uchina ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya Guo Pu, mtu aliyefariki mwaka 324, na hayakuhusu sebule wala vitanda. Yalihusu makaburi. Yanasema ile nguvu ya uhai, qi, hutawanywa na upepo na hutulia inapofika kwenye maji, kwa hiyo mzee azikwe mahali palipokingwa. Kutoka kwa wafu mambo yakahamia kwa walio hai. Na ukiyatazama kwa macho ya mtu anayeishi kaskazini mwa Uchina, yana mashiko: wakati wa baridi upepo mkali hushuka kutoka kaskazini, na jua husimama chini upande wa kusini. Nyumba yenye kilima mgongoni kaskazini na mlango kusini itakuwa na joto, kavu, na vumbi kidogo. Huhitaji kuamini chochote ili ulale vizuri katika nyumba hiyo.

Ila chukua sharti hilohilo uvuke nalo ikweta, uende nalo kusini kabisa. Kule jua la mchana huegemea kaskazini. Ukilisogeza jirani na ikweta, jua la adhuhuri liko utosini, na kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Sharti ni lilelile, sababu imebaki njiani. Ndiyo maana mimi kila sharti la namna hii nalihoji: wewe ulizaliwa kumkinga nani, na nini? Likijibu, nalifuata. Lisipojibu, nalisamehe likae, mradi lisimguse mtu goti.

Na hili si la Wachina peke yao. Vitruvius, msanifu wa Roma aliyeandika zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alitaka vyumba vya kulala vielekee mashariki ili vipate nuru ya asubuhi. Ushauri mzuri sana, kwa mtu anayeamka asubuhi. Wewe asubuhi ndiyo usiku wako. Vitruvius hakukuwaza, na mtaalamu wa mtandaoni naye hakukuuliza unafanya kazi saa ngapi. Hapo ndipo penye kasoro yote ya kitanda chenu. Hesabu ilitaka mwaka wa kuzaliwa, haikutaka ratiba.

Tuje kwenye kitanda basi, na nitakitetea kwa kanuni za mumeo mwenyewe, maana naona ukimshinda kwa kanuni zako atanyamaza tena.

Feng shui ina tawi linalotazama umbo la mahali, milima, kuta, milango, na tawi linalotazama dira. Walimu wengi huanza na umbo, dira inafuata. Na umbo lina makatazo matatu mashuhuri ya kitanda: mchago usiwe chini ya dirisha, miguu isielekee mlangoni moja kwa moja (Wachina huhusisha mkao huo na jinsi maiti inavyotolewa), na uweze kumwona anayeingia bila wewe kuwa kwenye mstari wa mlango. Mumeo, kwa kufukuzia upande mmoja wa dira, amevunja yote matatu kwa mpigo. Ule ukuta wa kusini ulitimiza yote matatu: ukuta mzima mgongoni, mlango unauona kwa pembe ya jicho, miguu inatazama kwingine.

Kuna jingine tamu zaidi. Mtu wa namba 9, kwa hesabu hiyohiyo aliyoilipia, pande zake nne nzuri ni mashariki, kusini-mashariki, kaskazini na kusini. Kusini imo! Ni ya mwisho katika hizo nne, lakini imo. Kitanda kikirudi kilipokuwa, hakuna alichopoteza ila daraja. Mwambie hivyo, taratibu, huku ukimpa chai.

Zako nne mbaya ziache. Umelala katika mojawapo miaka tisa na ndoa ipo.

Hilo la kumwona anayeingia, mimi nalipenda, na lina ndugu nje ya Uchina. Mwaka 1975 mwanajiografia wa Uingereza, Jay Appleton, alieleza kwamba binadamu huvutiwa na mahali anapoweza kuona mbali huku yeye mwenyewe amejificha. Ingia mkahawa wowote mtupu uone viti vipi vinajaa kwanza: vya ukutani, vinavyotazama mlango. Mtu anayelala mchana, peke yake, nyumba ikiwa na pilikapilika, anahitaji ukuta huo mgongoni kuliko wengi wetu.

Kitanda kikirudi, dirisha litabaki ubavuni kwako, na jua la mashariki litaendelea kuingia. Weka pazia zito, na liwe pana kuliko dirisha kwa sentimita 15 au 20 kila upande, lianzie juu ya fremu. Watu hununua pazia zito la kipimo cha dirisha lenyewe, halafu wanashangaa mwanga unatoka pembeni kama maji kwenye mlango wa jahazi. Kioo kibandikwe ndani ya mlango wa kabati: ukifungua unajitazama, ukifunga hakitazami kitanda. Hata asiyejua feng shui angekushauri hivyo, kwa sababu kushtushwa na kivuli chako mwenyewe gizani hakuna raha yoyote. Kati ya kitanda na kabati acheni sentimita 60 kama chumba kinaruhusu. Kama hakiruhusu, milango ya kabati igeuzwe ya kusukuma pembeni.

Kuhusu dira. Ile sindano huvutwa na chuma, na simu nayo huhadaika vivyo hivyo. Kuilaza simu juu ya kitanda cha chuma na kutegemea ikuonyeshe mashariki ni sawa na kumpima mtoto uzito ukiwa umembeba. Nondo zilizo ndani ya kuta na jokofu navyo vinaipotosha. Dira ya kazi hiyo, luopan, imegawanywa sehemu 24, kila moja nyuzi 15. Ukikosea kidogo tu uko kwa jirani. Chumbani kwenu jua limeshathibitisha kwamba pale ni mashariki kweli, hatubishani nalo, lakini ile kona ya chemchemi mimi nisingeiapia.

Na chemchemi inahamahama kwa sababu ambayo hajaambiwa. Njia ya kuhesabu kona kuanzia mlangoni, bila dira, ilienezwa Marekani na mwalimu aliyeitwa Lin Yun, kwenye miaka ya 1980. Njia za kale zaidi hutumia dira. Ni mifumo miwili, na ukiichanganya nyumba haitulii kamwe. Achague mmoja akae nao. Kwangu mimi kona yoyote ni sawa, kwa masharti haya: izimwe unapolala, waya wake uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme, na maji yamwagwe na bakuli lisuguliwe kila wiki. Mbu, kukiwa na joto, hutoka yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi hivi, na pampu ikizimwa mfululizo hilo bakuli ni wodi yao ya uzazi.

Sasa mume mwenyewe.

Usimwambie ni upuuzi. Kwanza, umeona si upuuzi wote. Pili, watu wenye fedha na wanasheria wanafanya hivyo: Disneyland ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 2005, iligeuziwa lango lake la mbele nyuzi 12 baada ya kushauriana na mtaalamu wa feng shui. Lakini tazama walivyofanya. Waligeuza lango likiwa bado kwenye karatasi, na hakuna mgeni aliyelazimika kuruka ua ili bahati ipite. Huo ndio mpaka ninaokuomba uuweke nyumbani. Asogeze atakacho, ila mlango ufunguke wote, njia ipitike gizani, moto uwe mbali na nguo, na anayelala alale. Manne tu. Yaandike, yabandike kwenye jokofu, na yakubalini mkiwa wote mmelala vya kutosha, usimvamie nayo ukitoka zamu.

Mtu aliyefungiwa biashara bila kosa lake anabaki na mikono isiyo na kazi na swali lisilo na jibu. Akija mtu akamwambia jibu liko kwenye kona ya sebule, na linarekebishika kwa kusukuma meza, hiyo ni faraja, mwanangu. Ni nafuu kuamini kitanda kilikaa vibaya kuliko kuamini kwamba unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ukaanguka. Kwa hiyo ukimpokonya hii bila kumpa kingine, atarudi kwenye ule ukimya. Muulize kuhusu biashara. Muulize hasa, si wakati mnagombania kitanda. Huenda tangu ifungwe hamjawahi kuizungumza zaidi ya dakika kumi.

Na mpe kazi, maana anayo makini na anao muda. Siku moja ya jua, achukue chaki, kila saa achore sakafuni mahali mwanga wa dirisha unapoishia, chumba kwa chumba, aandike na saa pembeni. Afungue madirisha mawili yanayokabiliana, ashike uzi mwembamba katikati ya chumba, aone upepo unaingilia wapi na kutokea wapi. Atembee usiku taa zikiwa zimezimwa kutoka kitandani hadi chooni, ahesabu anagonga nini. Jioni ya siku hiyo atakuwa na ramani ya nyumba yenu ambayo hakuna mtaalamu wa mtandaoni anayeweza kuiuza, kwa kuwa hajawahi kukanyaga hapo. Wale wazee waliochagua bonde lenye kilima mgongoni walianza hivyohivyo, kwa kutazama.

Mengine, kama kufunika choo na kuweka mmea mlangoni, mwachie. Hayamuumizi mtu, na choo kilichofunikwa sijawahi kukilalamikia.

Kitanda kihamisheni siku yako ya mapumziko, ukiwa umeamka. Godoro kwanza, kabati mlitoe nguo kabla ya kuligusa, na ncha moja ya tepu ashike mtoto. Yeye ndiye asome namba, kwa sauti, na aseme kitanda kiishie wapi.

Shangazi